Kahuzi-Biega: utalii wa ngagi, na Batwa waliobaki pembeni

Kutoka Bukavu mpaka Tshivanga ni kilomita karibu 30 tu. Unapita Miti, unaacha mashamba, barabara inaanza kupanda na baridi inakuingia. Hapo ndipo ofisi kubwa ya mbuga ya taifa ya Kahuzi-Biega iko. Na hapo pia, mwanzoni mwa miaka ya 1970, wageni walianza kupelekwa msituni kuangalia ngorila waliozoeshwa watu, mbele Rwanda na Uganda hawajaanza kazi hiyo. Leo dunia nzima inajua utalii wa ngorila wa Volcanoes na Bwindi. Wachache wanakumbuka kwamba ulianzia huku kwetu Kivu ya kusini.

Ngorila hao, ambao watu wengi wa Kivu wanawaita ngagi, si wale wa Virunga. Ni aina ya Grauer, wakubwa kuliko ngorila wengine wote, na hawapatikani nchi nyingine yoyote isipokuwa Kongo. Dume mzima anaweza kupita kilo 200, na chakula chake ni majani, matunda na machipukizi ya mianzi. Tangu mwaka 2016 wamewekwa kwenye daraja la wanyama walio karibu sana kutoweka.

Mbuga imepata jina lake kwa milima miwili: Kahuzi, wenye metre 3.308, na Biega, wenye metre 2.790. Pale juu ni msitu wa mianzi na wa baridi. Ukishuka upande wa magharibi unakuta pori la joto la bonde la Kongo. Ni mahali pachache katika Afrika ambapo misitu hii miwili ingali inaungana, na ndiyo maana ndege wake wanahesabiwa kufika aina 349, na nyani na jamaa zao aina 13.

Wabelgiji waliifanya hifadhi mwaka 1937. Tarehe 30 Novemba 1970 ikawa mbuga ya taifa yenye hekta 60.000, kwa juhudi za Mbelgiji Adrien Deschryver. Mwaka 1975 ikapanuliwa mpaka hekta 600.000, mara kumi. Unesco iliiandika kwenye urithi wa dunia mwaka 1980, halafu mwaka 1997 ikaiweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

Hiyo ndiyo historia inayoandikwa kwenye mabango. Iko ingine.

Deschryver hakuwajua ngagi kwa vitabu. Aliingia msituni na wafuata nyayo wa Kitwa, watu waliozaliwa mule, waliojua kusoma jani lililovunjika na kinyesi cha jana asubuhi. Ni maarifa yao ndiyo yalimfikisha kwa Kasimir, yule dume mkubwa aliyepigwa picha na kuonyeshwa Ulaya. Bila Batwa, utalii wa Kahuzi haungeanza. Na ni miaka hiyohiyo ya 1970 ndiyo Batwa walitolewa msituni. Makadirio yanasema walikuwa kati ya watu 3.000 na 6.000. Hawakupewa shamba wala fidia. Wakaenda kukaa kandokando ya vijiji vya Kabare na Kalehe, kwenye udongo wa watu wengine, wakilima mashamba ya wengine kwa malipo ya siku. Watu wa makabila mengine nao walipoteza mashamba wakati wa upanuzi wa 1975. Lakini Mushi au Mutembo alikuwa angalau na kijiji cha kurudia. Mutwa, kijiji chake kilikuwa ni ule msitu.

Kwa hiyo mtu akisema "utalii unaolinda mazingira na kusaidia wakaaji", hapa Kivu lazima aulizwe: wakaaji wagani?

Namna utalii wenyewe unavyofanyika si vibaya. Kikundi kidogo kinaingia na mwongozaji na wafuata nyayo, kinatembea saa moja au tano kulingana na pale ngagi walipolala, kinakaa nao saa moja tu, na barakoa mdomoni, juu ngagi anaweza kufa kwa mafua ya mtu. Mgeni wa kutoka nje analipa mamia ya dola kwa saa hiyo. Pesa zinaingia kwa mbuga, zinalipa walinzi, doria na gari. Kuna Batwa wanaofanya kazi ya kufuata nyayo mpaka leo, na mshahara ule unalisha nyumba nzima. Ila mfuata nyayo ni mufanyakazi. Anaonyesha njia, haamui njia ipite wapi.

Kuna kazi nzuri iliyozaliwa pembeni ya utalii huo. John Kahekwa, aliyekuwa mwongozaji wa wageni Kahuzi, alianzisha Pole Pole Foundation mwaka 1992 baada ya kuona kwamba anayetega mitego ni mtu mwenye njaa. Wawindaji walifundishwa kuchonga sanamu za mbao za kuuzia watalii, wakina mama wakapata kazi ya mikono, miti ikapandwa kwa wingi nje ya mbuga ili watu wapate kuni bila kuingia ndani. Mwaka 2021 shirika hilo lilifika kati ya washindani wa mwisho wa tuzo ya Earthshot. Somo lake ni rahisi: linda tumbo kwanza.

Lakini hata sanamu inahitaji mnunuzi, na hapo ndipo ugonjwa wa utalii wetu uko. Hesabu ya ngagi wa upande wa milima inaonyesha. Mwaka 1990 walihesabiwa 258. Wakaja wakimbizi wa 1994, kambi zikasimama karibu kabisa na mbuga. Ikaja vita ya 1996, halafu ya 1998. Kufika mwaka 2000 walibaki kama 130. Madume yaliyozoea watu ndiyo yalikufa ya kwanza, kwa sababu hayakukimbia tena mtu mwenye bunduki. Tembo wa milimani karibu wote waliisha. Baadaye ngagi walipanda tena, wakafika 213 mwaka 2015, na hiyo ni jasho na damu ya walinzi, maana wengi wao waliuawa kazini. Halafu Februari 2025 Bukavu ikachukuliwa na M23. Risasi ya kwanza ikilia, mtalii anafuta safari. Mtu aliyeambiwa "usiguse msitu, utalii utakulisha" anabaki bila msitu na bila utalii.

Oktoba 2018 familia kadhaa za Batwa zilichoka kungoja, zikarudi ndani ya mbuga kwa nguvu. Kukatokea mapigano na walinzi, watu wakafa pande zote mbili. Septemba 2019 mazungumzo yalifanyika Bukavu na ahadi zikatolewa, utulivu haukukaa. Sehemu za msitu zilikatwa, makala na mbao zikauzwa. Hapo lazima kusema ukweli wote: Batwa walikuwepo, lakini pia wafanyabiashara wasio Batwa na watu wenye silaha walipita mlango huohuo, na faida kubwa haikubaki kwa Mutwa. Anayetumia picha ya visiki kusema Batwa ni maadui wa msitu anasahau kwamba ngagi walikutwa hai kule baada ya vizazi na vizazi vya Batwa kuishi nao.

Sheria imeanza kusogea. Tarehe 15 Julai 2022 nchi ilipata sheria namba 22/030 ya kulinda haki za watu wa asili Pygmées. Na Julai 2024 ilitangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya haki za binadamu na za watu, juu ya mashtaka yaliyopelekwa mwaka 2015 na mashirika ERND na Minority Rights Group. Tume ilisema Kongo ilivunja haki za Batwa wa Kahuzi-Biega, na ikaomba serikali iwarudishie ardhi yao, iwalipe, na iombe msamaha mbele ya watu wote. Tena ilikataa lile wazo kwamba ili mnyama apone lazima mtu wa asili atoke.

Mifano ya kuangalia iko. Uganda, kule Mgahinga, tangu 2011 kuna njia ya Batwa: Mutwa mwenyewe anaongoza wageni, anaonyesha dawa, asali, namna ya kuwasha moto. Inaleta pesa na heshima kidogo, lakini jioni anarudi kulala nje ya msitu, ambao si wake. Karibu zaidi, kusini mwa Kahuzi, kuna hifadhi ya Itombwe. Iliundwa kwa karatasi mwaka 2006 bila kuuliza wakaaji, wakaikataa. Ikabidi kukaa chini na vijiji miaka mingi mpaka mipaka ikakubaliwa mwaka 2016, na sehemu ambamo watu wanaendelea kuishi na kulima. Watalii hawajafika wengi. Wakaaji lakini wako ndani.

Na tangu amri ya 2 Agosti 2014, jamii ya mahali inaweza kupewa msitu wake mpaka hekta 50.000, bure na bila mwisho wa muda. Batwa wa Kabare na Kalehe wakipata wa kwao, kando ya mbuga au ndani yake kama Tume ilivyosema, njia ya kwenda kwa ngagi inaweza kupita kwao, na bei ya kupita wataipanga wao.