Walker Hakuwa Mtembezi

Yule jamaa wa kwenye chupa ya Johnnie Walker, mwenye kofia ndefu, buti na bakora, alichorwa mwaka 1908 na mchoraji aitwaye Tom Browne. Tangu hapo anatembea tu. Kampuni ililitazama jina na kusoma kile ambacho sote tunakisoma: Walker, mtu wa kutembea. Ni mchezo mzuri wa maneno, ila jina lenyewe halikuanzia huko. John Walker, aliyefungua duka la vyakula mjini Kilmarnock, Uskoti, mwaka 1820, alibeba jina la watu ambao miguu yao ilifanya kazi kutwa nzima bila kufika popote. Walikuwa wakikanyaga vitambaa ndani ya mkojo.

Ndio, mkojo. Ngoja nieleze.

Kitambaa cha sufu kikitoka kwa mfumaji bado hakijawa cha kuvaliwa. Kina mafuta ya kondoo, kinanuka, na nyuzi zimeachana kiasi kwamba baridi inapita bila kupiga hodi. Lazima kioshwe na kupondwa hadi nyuzi zishikane na kitambaa kijikaze kiwe kizito. Kwenye Uingereza ya zama za kati, njia ya zamani ilikuwa hii: tia kitambaa kwenye pipa lenye maji na mkojo uliolala, au udongo maalum wa kunyonya mafuta, kisha mtu apande humo miguu mitupu akanyage kwa saa na saa. Mkojo ukikaa hutoa amonia, na amonia hukata mafuta. Warumi walikuwa wameshaijua kazi hii mapema. Kaisari Vespasian hata aliutoza mkojo kodi. Mwanahistoria Suetonius anasimulia kwamba Titus, mtoto wa Kaisari, alipolalamika, baba alimshikia sarafu puani na kumuuliza kama inanuka.

Kama umewahi kufua blanketi zito kwa miguu ndani ya karai, umeshaionja kazi ya Walker. Na Kiswahili hapa kina jambo tamu. Kitenzi chetu cha kufua ni kimoja kwa nguo na kwa chuma, kwa sababu vyote viwili hupigwa. Mhunzi anafua, mama fua naye anafua. Waingereza waliwapa watu hawa majina tofauti, wa chuma akawa Smith na wa kitambaa akawa Walker. (Tofauti ipo: mama fua anaosha nguo iliyovaliwa, Walker alikuwa anamalizia nguo ambayo haijavaliwa na mtu.)

Neno lenyewe linatoka kwenye Kiingereza cha kale, wealcan, yaani kubiringisha au kurusharusha. Mtu wa kazi hiyo aliitwa wealcere. Ile maana ya kwenda kwa miguu, tunayoifundishwa darasa la kwanza, ilikuja kushika baadaye. Wajerumani hadi leo wana kitenzi walken, na kwao bado ni kupondaponda kitambaa, si matembezi.

Lakini hilo ni neno la kaskazini mwa Uingereza, sehemu za katikati na Uskoti. Kusini-mashariki kazi ileile iliitwa kwa neno lenye asili ya Kilatini, na mtu wake akawa Fuller. Kusini-magharibi, kule Devon na Somerset, akaitwa Tucker, kutoka neno la kale tucian, ambalo maana yake ni kutesa. Nampenda sana huyu wa tatu, kwa sababu aliyelibuni jina alikitazama kitambaa akakihurumia. Mjini Exeter bado lipo jengo la chama chao, Tuckers Hall, lililojengwa mwaka 1471. Kwa hiyo Walker, Fuller na Tucker wakiketi meza moja, huenda mababu zao walikuwa na kazi moja, na jina linakudokezea tu walikanyagia upande gani wa nchi.

Kazi inageukaje jina? Fungua simu yako uangalie. Kuna Kevo Boda, Shiko Mpesa, Otis Fundi wa Maji. Majina yao halisi huyajui, na wala hujali, kwa sababu una Kevo wanne na unachotaka ni yule wa pikipiki. Kijijini Yorkshire mambo yalikuwa hivyohivyo. Wanaume walikuwa na majina machache ya ubatizo, John na William wamejaa kila kona, basi mtu anasema John yule mkanyagaji. Mwanzoni lilikuwa jina la mtu, si la ukoo. Mtoto wa John akiwa mwokaji, anaitwa kwa mikate yake.

Kilichofanya majina yagande, kwa sehemu kubwa, ni karatasi: mashamba ya kurithi, kesi, na kodi. Mwaka 1377, 1379 na 1381 serikali ya Uingereza ilitoza kodi ya kichwa, na karani hawezi kukutoza kesho kama leo ni Mkanyagaji na kesho ni Mwokaji. Msomi wa Marekani James C. Scott aliandika katika Seeing Like a State, mwaka 1998, kwamba jina la ukoo lisilobadilika ni chombo cha dola: linamfanya raia aonekane. Mkenya hahitaji mhadhara mrefu kuelewa hilo. Babu zetu walivaa kipande shingoni, na karani ndiye aliyeamua jina linaandikwaje.

Sasa sehemu inayouma. Wakati majina haya yanaanza kukauka kwenye madaftari, miguu yenyewe ilikuwa inafutwa kazi. Kuanzia karne ya 12, vinu vya maji vilianza kuenea Uingereza: gurudumu linazungushwa na mto, linainua nyundo kubwa za mbao, nyundo zinashuka juu ya kitambaa. Mto hauchoki na haulipwi. Shuleni tuliambiwa mashine zilianza na mvuke wa karne ya 18, ila mwanahistoria E. M. Carus-Wilson aliandika mwaka 1941 kwamba mapinduzi ya viwanda yalikuwepo karne ya 13, na mashine aliyokuwa akiizungumzia ni hii.

Na kinu hakikuwa cha mkanyagaji. Kilikuwa cha bwana mwenye ardhi au cha monasteri, nao walitaka kila kitambaa kipite kwao kwa malipo. Kule St Albans miaka ya 1270 watu wa mji waligombana na abati, wao wakitaka kukanyagia vitambaa vyao nyumbani, yeye akisisitiza waje kwenye kinu chake. Kwa unga ilikuwa vilevile. Baadaye abati mwingine alinyang'anya mawe ya kusagia ya majumbani akayatandaza kuwa sakafu ya monasteri. Mwaka 1381, kodi ya kichwa ilipowasha uasi wa wakulima, watu wa St Albans waliingia, wakang'oa mawe yale na kugawana vipande.

Jina liliendelea bila kazi. Likavuka Atlantiki, na katika sensa ya Marekani ya 2010 watu zaidi ya 500,000 waliitwa Walker, takriban thuluthi yao wakiwa weusi. Hapo tena ni karatasi: jina la mwenye watumwa, au jina ambalo mtu alijichagulia siku aliyopata uhuru, na mara nyingi daftari halisemi ni lipi kati ya hayo mawili.

Mmoja wao ni David Walker. Alizaliwa North Carolina, baba mtumwa, mama huru, na kwa kuwa hali ya mtoto ilifuata ya mama, naye akawa huru. Alihamia Boston akafungua duka la nguo kuukuu. Muuza mitumba, kwa lugha yetu, karibu na bandari, wateja wake wengi wakiwa mabaharia. Mwaka 1829 alichapisha kijitabu kilichowaita watu weusi wasimame dhidi ya utumwa, wapigane ikibidi, kisha akawatumia mabaharia haohao kukisafirisha hadi bandari za kusini. Inasemekana nakala nyingine zilishonewa ndani ya bitana za makoti aliyowauzia. Majimbo ya kusini yalishikwa na hofu, yakatunga sheria kali za kuzuia maandishi ya aina hiyo na kuwazuia weusi kujifunza kusoma.

David Walker alifariki mwaka 1830. Mwaka 1866 mwanawe, Edward, alichaguliwa kuingia bunge la jimbo la Massachusetts, mmoja wa weusi wa kwanza kufika hapo, na daftarini akaandikwa Walker.