Kupanda Mchongoma wa Kompyuta

Mfanyabiashara akikwambia mali yake ni ya bure, msomaji mpenzi, usikimbilie kupiga makofi. Muulize kwanza yeye atakula wapi. Swali hilo lilifika mezani kwa madiwani wa jiji la Munich, Ujerumani, mwaka 2003.

Wakati huo jiji lilikuwa na kompyuta zipatazo 14,000 zilizokuwa zikitumia Windows NT ya Microsoft. Toleo hilo lilikuwa limezeeka, na kampuni ilikuwa inaacha kulihudumia. Lazima jiji lihame. Lakini lihamie wapi?

Hapo wauzaji wakaanza kubisha hodi. SuSE, kampuni ya Nuremberg katika jimbo hilohilo la Bavaria, ilisimama pamoja na IBM kuwashawishi wakubwa wa jiji wachukue Linux. Hiyo ni programu huria: maandishi yake ya ndani yako wazi, na yeyote ruksa kuyasoma, kuyarekebisha na kuyagawa. Mshiko wao ulikuwa wapi basi? Ulikuwa kwenye kufunga mitambo, kufundisha wafanyakazi na kutengeneza panapoharibika. Kwa hiyo tusiwavike kanzu ya utakatifu. Nao walikuwa wachuuzi. Ila wao waliuza utumishi, wenzao wakauza ruhusa ya kutumia.

Microsoft nao hawakulala. Machi 2003 kigogo wao mkuu, Steve Ballmer, alikatiza likizo yake ya kuteleza kwenye theluji huko Uswisi, akaenda kuonana na meya Christian Ude. Bei ikashuka. Kumbe ilikuwa inaweza kushuka! Yaani jiji lilikwishaonja faida ya ushindani kabla Linux haijawekwa hata kwenye kompyuta moja ya ofisi zake.

Hata hivyo, Mei 2003 madiwani walipiga kura ya kuhamia Linux. Hoja yao kubwa ilikuwa kwamba jiji lisifungwe kamba na muuzaji mmoja. Na hapa ndipo kisa kinaponoga. Mwaka 2005, ulipofika wakati wa kuchagua aina ya Linux, jiji halikuchukua ya SuSE. Lilichagua Debian, inayotengenezwa na watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali, na baadaye likaenda Ubuntu. Waliobisha hodi mwanzoni wakabaki mlangoni! Lakini si ndicho walichokuwa wakikihubiri? Anayekuuzia kitu huria anakuuzia pia haki ya kumwacha yeye mwenyewe.

Kazi yenyewe ilikwenda polepole. Kompyuta za kwanza zilihamishwa mwaka 2006, na mradi ukakamilika mwaka 2013 ukiwa na kompyuta karibu 15,000. Mwaka uliofuata Ude akaondoka, akaingia meya mpya, Dieter Reiter. Watumishi walilalamika kwamba hati zinazotoka nje hazifunguki sawasawa. Watetezi wa Linux wakajibu kwamba ugonjwa ulikuwa kwenye uongozi wa idara za kompyuta. Mwaka 2016 Microsoft ikahamishia makao yake makuu ya Ujerumani ndani ya jiji la Munich. Mwaka 2017 madiwani wakaamua kurudi Windows. Kisha mwaka 2020 muungano mpya wa vyama ukakubaliana kwamba programu huria ipewe kipaumbele pale inapowezekana.

Wahenga walisema, kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Kutia sahihi mkataba wa kompyuta ni kazi ya asubuhi moja. Kutoka ndani yake kuliichukua Munich miaka kumi, na bado ikarudi kulekule. Wauzaji wa pande zote mbili walimfukuzia meya na madiwani. Lakini aliyeamua nani ashinde ni karani wa chini, anayefungua hati kila asubuhi. Serikali yoyote inayobishiwa hodi na wauzaji wa programu, wawe wa kulipia au wa bure, imkumbuke huyo karani kabla ya kushika kalamu. Halafu iulize: tukitaka kushuka, ngazi iko wapi?