F ya Foxtrot, S ya Sierra

Mwaka 1890 waya wa simu uliolazwa chini ya bahari ulitoka Unguja ukaja kutua Bagamoyo, kisha ukaendelea Dar es Salaam. Habari zilikwenda kwa nukta na mistari ya Morse, na kila herufi ilikuwa na mlio wake.

Matatizo yalianza simu ya upepo ilipobeba sauti ya mtu. Chukua jina Fukayosi, kata iliyo kwenye barabara ya Bagamoyo kwenda Msata. Redio ya mawasiliano hupitisha sauti za kati ya hezi 300 na 3,000 hivi, ilhali sehemu kubwa ya mvumo wa S iko juu ya hapo. F na S zikifika mbali zinafanana. Mgeni wa jina hilo ataandika nini?

Dawa ikawa kuitaja kila herufi kwa neno zima. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walisema "Ack" kwa A na "Beer" kwa B. Mkutano wa Washington wa 1927 ukaleta majina ya mahali, kama Jerusalem na Madagascar. Vita ya pili ikaja na "Able" na "Baker", ambayo Mfaransa au Mhispania aliyatamka kwa shida.

Hapo ndipo Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lilipomwendea Jean-Paul Vinay, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Montréal, atunge orodha mpya ya maneno. Orodha ya 1951 ilitumika, kasoro zikaonekana: "Nectar" ilichanganywa na "Victor". Maneno yakapimwa kwa wasemaji wa mataifa 31, machache yakabadilishwa, na orodha ikaanza kazi tarehe 1 Machi 1956. Naiheshimu kazi hiyo, kwani iliamuliwa na masikio ya watu wengi. Hata "Alfa" iliandikwa kwa f, vilevile kama Mswahili angeiandika.

Wakati huo waendesha redio wa ridhaa wa Tanganyika walijitambulisha kwa alama zilizoanza na VQ3, wa Zanzibar kwa VQ1. Leo alama ya Tanzania ni 5H, na leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Mwenye redio Fukayosi atalitaja jina la kwao hivi: Foxtrot, Uniform, Kilo, Alfa, Yankee, Oscar, Sierra, India.

Hata hivyo, majina ya mahali hayajatoweka. Mawimbi yakiwa dhaifu na "Zulu" isisikike, waendesha redio wengi duniani husema "Zanzibar", kwa kuwa neno refu hulipa sikio nafasi zaidi ya kulidaka.