Kichocho si Kisonono

Katika mwambao wa Palma na Mocímboa da Praia, nchini Msumbiji, ambako maradhi ya njia ya mkojo hutajwa kwa staha, si insafu neno kisonono kubebeshwa kila dhiki ya mwanamke. Kwani kichocho, ambacho minyoo yake Theodor Bilharz aliibaini mjini Cairo mwaka 1851, huingia mwilini kwa maji baridi yenye konokono, wala hakiambukizwi kwa kujamiiana. Mayai yake yakinasa katika shingo ya kizazi huleta damu na uchafu ukeni, hata afifu akatuhumiwa zinaa. Mkojo uchomao, ujao mara kwa mara kidogo kidogo, aghalabu ni bakteria kibofuni. Utoko mweupe mzito wenye mwasho, kuvu. Ila dalili hushabihiana, na hukumu ni ya vipimo.