Kenya: Tuta la makaburi la Lothagam, urithi wa wafugaji wa kale

Kaskazini-magharibi mwa Kenya, karibu na Ziwa Turkana, lipo tuta la makaburi lililoanza kujengwa takriban miaka 5,000 iliyopita. Mahali hapo panaitwa Lothagam Kaskazini. Wafugaji wa kwanza wa eneo hilo walizika wafu wao hapo kwa karne kadhaa. Kisha wakalifunika eneo la maziko kwa mawe na kusimamisha nguzo, nyingine zikiletwa kutoka umbali wa karibu kilomita moja.

Mwaka 2018, watafiti walioongozwa na Elisabeth Hildebrand wa Chuo Kikuu cha Stony Brook, Marekani, walikadiria kuwa chini ya jukwaa hilo, lenye kipenyo cha mita 30 hivi, wamelala watu wasiopungua 580. Wanaume, wanawake, wazee na watoto wachanga walizikwa pamoja, na karibu kila mmoja alikuwa na mapambo yake, zikiwemo shanga za mawe ya rangi.

Kwa muda mrefu wataalamu wengi walihusisha majengo makubwa ya kale na jamii zenye watawala na matabaka. Lothagam yaonyesha vinginevyo, kwani hakuna dalili ya kaburi la mkuu aliyetengwa na wenzake. Enzi hizo mvua zilikuwa zikipungua na maji ya ziwa yakishuka. Watafiti wanaona kuwa huenda maziko ya pamoja yaliwaunganisha wafugaji waliotawanyika wakitafuta malisho.

Nchini Kenya, mabaki ya kale hulindwa na Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006, na Makumbusho ya Taifa ya Kenya ndiyo yenye dhamana ya kuyatunza. Hairuhusiwi kuyafukua bila leseni, wala kuyatoa nchini bila kibali.

Makatazo hayo yana sababu. Ushanga ukiwa mahali ulipowekwa hueleza ulivaliwa na nani, na alizikwa karibu na nani. Ukiokotwa na kutiwa mfukoni, hubaki kuwa jiwe zuri lisilo na habari. Jiwe la tuta likihamishwa, mpangilio wa wajenzi hupotea na hauwezi kurudishwa.

Hadi sasa ni sehemu ndogo tu ya Lothagam iliyochimbwa. Kuiacha iliyosalia bila kuguswa ni kuwawekea akiba watafiti wajao, na ni kuwastahi waliolazwa humo.