Ingobyi: ngozi laini inayobeba watu

Ndugu walisanse na wanafunzi, leo tuangalie historia ya neno moja: ingobyi. Warundi wanaandika ingovyi. Huku Mutarule, katika bonde la Ruzizi, tunalisikia kwa sababu Kirundi na Kinyamulenge vinasemwa jirani na Kifuliru na Kiswahili chetu.

Maana ya kwanza ni ngozi ya kondoo iliyolainishwa. Zamani, mbele ya kikwembe kuenea, mama alibebea mtoto mgongoni ndani yake. Sisi maagronomo tunajua: ngozi mbichi ikikauka inakuwa ngumu kama ubao, kwa sababu nyuzi zake zinashikana. Basi waliikwangua, wakaipaka siagi na kuifikicha kwa mikono mara nyingi, mpaka nyuzi zikaanza kuteleza.

Baadaye jina hilo likapewa kitanda cha kubebea mgonjwa mabegani, kule mlimani gari haifiki. Kusini-magharibi mwa Uganda wanakiita engozi, na majirani huko wana vyama vya engozi: mgonjwa wa mmoja anabebwa na wote. Si kama tipoye ya wakati wa Wabeljiji, ambayo wabebaji walilazimishwa kumbeba mkubwa wa serkali mwenye miguu mizima.

Maana ya tatu ni kondo la nyuma, lile linalomlisha mtoto akiwa bado tumboni.

Na Kiswahili je? Ngozi yetu ni ndugu wa neno hilo. Mnajua mwivi na mwizi ni mtu yule yule. V na z zinapokezana. Ndivyo ilivyo kwa ingovyi na ngozi. Sisi tulibaki na jina la ngozi yenyewe, majirani wakabaki na kazi yake ya kubeba.

Naandika haya kwa sababu ya tarehe 6 Juni 2014. Usiku ule watu wasiopungua 30 waliuawa hapa Mutarule. Tangu hapo kuna wanaosikiliza kwanza lugha ya mtu ndipo wamsalimie. Neno moja haliwezi kuleta amani, najua. Lakini lugha tunayoiogopa kinywani mwa jirani ina neno letu ndani yake, na kazi ya neno hilo ni kubeba mtu asiyeweza kutembea.

Kwenu, kitanda cha kubebea mgonjwa mnakiitaje? Ulizeni wazee wangali hai.