Neno Lililotoka Uwanjani: Mikutano ya Wanamageuzi na Historia ya Nathari ya Kiswahili nchini Kenya

Utangulizi

Historia ya nathari ya Kiswahili imezoea kuanzia mezani. Msomaji husimuliwa jinsi wamishenari walivyotafsiri vitabu vya dini, jinsi kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya makoloni ya Afrika Mashariki ilivyokagua miswada ya vitabu vya shule, jinsi James Mbotela alivyochapisha Uhuru wa Watumwa mwaka 1934, na hatimaye jinsi Shaaban Robert alivyoinua hadhi ya nathari hiyo. Masimulizi haya si ya uongo. Hata hivyo, yana pengo kubwa. Yanaiacha nje nathari iliyosemwa mbele ya watu: hotuba, hoja, jibu la papo hapo na azimio linalopitishwa kwa kunyosha mikono. Wahakiki wengi huitaja mikutano ya kisiasa kama usuli tu wa fasihi, yaani jambo lililotokea nje ya mlango wakati mwandishi akiwa chumbani.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mikutano ya wanamageuzi nchini Kenya, hususan kati ya miaka ya 1947 na 1969, haikuwa usuli wa nathari ya Kiswahili bali mojawapo ya karakana zake. Aidha, yanadai kwamba sehemu kubwa ya nathari hiyo imetufikia kupitia mikono ya watu walioiogopa, na kwamba jambo hili linamtwika mhakiki wajibu ambao hadi sasa ameuachia mwanahistoria.

Baraza na baraza

Yafaa kuanza na neno lenyewe. Baraza, kwa asili, ni kikalio cha mawe au cha udongo kilichojengwa mbele ya nyumba ya Mswahili. Hapo hukaa jirani na jirani. Hapo kahawa hunywewa, habari hupimwa na mshairi hujibiwa. Ni mahali palipo kati ya nyumba na njia, wala hapana anayehitaji ruhusa ya serikali ili aketi. Utawala wa kikoloni ulilichukua neno hili na kulipa kazi nyingine. Baraza la chifu au la mkuu wa wilaya likawa mkutano ambao watu huitwa ili waambiwe. Msemaji alijulikana kabla ya watu kufika, na uamuzi ulikuwa umekwisha kutolewa. Hadhira iliketi chini, nayo ilitazamiwa kusikia na kutii.

Tofauti hii ni ya kisiasa, lakini pia ni ya kifasihi. Katika baraza la kwanza, usemi hukamilishwa na jibu. Katika baraza la pili, jibu ni kosa. Mikutano ya wanamageuzi inayojadiliwa hapa inaweza kutazamwa kama juhudi ya kuirudisha desturi ya baraza la kwanza, ila kwa hadhira ya maelfu na kwa mada ambazo baraza la pili lilizipiga marufuku.

Kiwanja cha Maskini, 1947

Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma. Walikuwamo makuli wa bandarini, wafanyakazi wa reli, wa hoteli na wa majumbani, wapatao 15,000. Mgomo ulidumu kwa muda wa siku 12 hivi. Kila siku wagomaji walikutana katika uwanja ambao waliupa jina la Kiwanja cha Maskini. Jina hilo linastahili kuchunguzwa kama vile mhakiki anavyochunguza jina la riwaya. Kwa mkazi wa Mombasa, kiwanja ni uwanja wa kukutania au kuchezea, lakini pia ni kipande cha ardhi ya kujengea nyumba. Katika mji ambao wengi walijenga au kupanga juu ya ardhi isiyo yao, kumpa maskini kiwanja, japo kwa jina tu, ni kauli nzito. Isitoshe, neno maskini katika mazungumzo ya kila siku humtaja mtu wa kuhurumiwa na kupewa sadaka. Hapa maskini hapewi kitu. Yeye ndiye mwenyeji, naye ndiye anayewakaribisha wengine.

Waliokutana hapo walitoka bara na pwani: Wakikuyu, Waluo, Wakamba, Wataita, Wamijikenda na Waswahili. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Kiswahili hicho hakikuwa kile kilichosanifiwa na kamati ya mwaka 1930, wala hakikuwa Kimvita cha malenga. Kilikuwa Kiswahili cha gatini na karakana, kikilazimishwa kubeba hoja kuhusu mshahara, kodi ya nyumba na tofauti ya malipo kwa misingi ya rangi. Lugha haipati msamiati wa namna hiyo kwa kuandikiwa kamusi. Huupata pale mtu mmoja anapolazimika kueleweka na elfu moja.

Chama cha wafanyakazi kilichoundwa wakati wa mgomo huo, ambacho baadaye kilijulikana kama African Workers' Federation, kiliongozwa na Chege Kibachia, kijana aliyesomea Alliance High School. Serikali ililazimika kuunda tume ya kusuluhisha mgogoro, na mishahara ya baadhi ya wafanyakazi ikaongezwa. Hata hivyo, Agosti mwaka huohuo Kibachia alikamatwa, kisha akapelekwa kizuizini Kabarnet, alikokaa kwa takriban miaka kumi. Hotuba za Kiwanja cha Maskini hazikuchapishwa. Kilichosalia ni taarifa za maofisa, kwa Kiingereza, zikieleza kwa ufupi yale waliyodhani yalisemwa.

Kaloleni, 1950: neno uhuru

Hoja ya pili yahusu maana ya neno moja. Katika kitabu cha Mbotela, uhuru ni kutolewa utumwani. Mtoaji ni Mwingereza. Mpokeaji ni mtumwa wa jana, ambaye sasa ni mwanakijiji wa Frere Town na mwenye shukrani. Kisarufi, uhuru huo ni yambwa: mtu hupewa.

Tarehe 23 Aprili 1950, chama cha Kenya African Union na kile cha East African Indian National Congress viliandaa mkutano wa pamoja katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi. Mkutano uliitishwa ili kuyapinga madai ya kisiasa ya walowezi. Makhan Singh, katibu mkuu wa East African Trade Union Congress, shirikisho lililoundwa tarehe 1 Mei 1949 chini ya urais wa Fred Kubai, alisimama na kutaka azimio liongezwe dai la uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Dai hilo halikuwa la kuomba nafasi zaidi katika Baraza la Kutunga Sheria. Lilisema kwamba utawala wenyewe hauna haki ya kuwako.

Miaka 16 tu baada ya kuchapishwa kwa Uhuru wa Watumwa, neno lilikuwa limegeuzwa. Uhuru haukuwa tena kitu cha kupewa, bali cha kudaiwa. Mageuzi haya ya kisemantiki hayakutokea katika kitabu chochote kilichopata kibali cha kamati ya lugha. Yalitokea mikutanoni, kwa midomo ya watu kama Makhan Singh, ambaye lugha yake ya kwanza ilikuwa Kipunjabi na ambaye alitunga mashairi katika lugha hiyo. Mwanahistoria wa Kiswahili anayetafuta wajenzi wa lugha miongoni mwa wazawa wa Kiswahili pekee hatamwona mjenzi huyu.

Serikali ilimwona. Makhan Singh alikamatwa tarehe 15 Mei 1950, jambo lililozusha mgomo mkubwa Nairobi, na akawekwa kizuizini hadi Oktoba 1961. Kitabu chake cha historia ya vyama vya wafanyakazi nchini Kenya, kilichotoka mwaka 1969 kwa Kiingereza, ni miongoni mwa masimulizi machache ya kipindi hicho yaliyoandikwa na mtu aliyekuwa jukwaani.

Mwandishi asiyetajwa

Hapa ndipo tatizo la matini linapojitokeza waziwazi. Mfano bora ni mkutano wa Kenya African Union uliofanyika Nyeri tarehe 26 Julai 1952. Hotuba ya Jomo Kenyatta siku hiyo husomwa hadi leo kutokana na taarifa ya polisi iliyoambatishwa kwenye ripoti ya serikali kuhusu chanzo cha Mau Mau, iliyotayarishwa na F. D. Corfield na kuchapishwa mwaka 1960. Taarifa hiyo ni ya Kiingereza, ilhali umati haukuja Nyeri kusikiliza Kiingereza. Ina alama za kuonyesha mahali watu waliposhangilia, mithili ya maelekezo ya jukwaani katika tamthilia. Ina pia maelezo ya Kenyatta kuhusu rangi za bendera ya chama.

Karari Njama, mwalimu aliyekuwa miongoni mwa wasikilizaji, alisimulia mkutano huo katika kitabu alichoandika na Donald Barnett, kilichotoka mwaka 1966. Kwa Njama, mpangilio wa rangi za bendera ulikuwa fumbo: nyeusi imetenganishwa na kijani kwa nyekundu, kwa hiyo mtu mweusi hataifikia ardhi yake ila kwa kupita katika damu. Ofisa aliandika yaliyotamkwa. Msikilizaji alisikia yaliyofumbwa. Yeyote aliyefunzwa ushairi wa Kiswahili anaifahamu hali hii, kwa kuwa fumbo ndilo chombo cha kale cha mshairi anayesema mbele ya mtawala. Basi taarifa ya polisi isisomwe kama nakala ya hotuba. Isomwe kama tafsiri iliyofanywa na hadhira mojawapo, tena hadhira iliyokuwa imetumwa.

Dar es Salaam: mkutano uliojiandikia

Ili kuona ni nini kilichopotea Kenya, inafaa kulinganisha na mkutano wa aina nyingine katika nchi jirani. Chuoni Dar es Salaam, wanafunzi kutoka nchi mbalimbali za Afrika waliunda umoja wa wanamapinduzi mwaka 1967, Yoweri Museveni akiwa mwenyekiti wa mwanzo. Walikuwa na madarasa ya itikadi siku za Jumapili. Walter Rodney alikuwa mmoja wa wahadhiri walioshiriki. Mwaka 1969 wakaanzisha jarida lao, Cheche, na humo ndimo Issa Shivji alimochapisha uchambuzi wake maarufu wa mapambano ya kitabaka nchini Tanzania, mwaka 1970. Novemba 1970 umoja huo na jarida lake vilipigwa marufuku.

Mkutano huu ulinyamazishwa kama ile ya Kenya, lakini haukupotea, kwa sababu ulijiandikia wenyewe. Hoja zake zinasomwa hadi leo katika maneno ya wenyewe. Hata hivyo, ulikuwa na gharama yake. Jina la jarida lilikuwa la Kiswahili, lakini mjadala wake uliendeshwa kwa Kiingereza, katika nchi ambayo Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa limekwisha kuthibitisha kwamba ujamaa unaweza kujadiliwa kwa Kiswahili. Kiwanja cha Maskini kilikuwa na lugha ya watu bila maandishi. Madarasa ya Jumapili yalikuwa na maandishi bila lugha ya watu. Pengo kati ya hali hizi mbili ndilo lililohitaji kuzibwa.

Kutoka kibali hadi karatasi

Aliyejaribu kuliziba pengo hilo Kenya alilipa kwa kifungo. Baada ya uhuru, sheria ya kikoloni iliyodai kwamba mkutano wa hadhara upewe kibali na maofisa wa utawala haikufutwa. Chama cha Kenya People's Union, kilichoundwa mwaka 1966 chini ya Oginga Odinga, kilinyimwa vibali mara kwa mara, na Oktoba 1969 kikapigwa marufuku. Katika hali hiyo, mwaka 1968, Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa aliyekuwa na umri wa miaka 22, aliandika kijitabu cha Kiswahili kiitwacho Kenya: Twendapi?, kikasambazwa kwa siri. Alikamatwa Desemba mwaka huo, akahukumiwa miaka mitatu kwa uchochezi.

Anwani ya kijitabu hicho ni swali la mkutanoni. Nafsi yake ni ya wingi: anayeuliza yumo safarini pamoja na wanaoulizwa. Si mtindo wa insha ya shuleni, wala si wa waraka wa serikali. Ni mtindo wa mtu anayeikabili hadhira ambayo imezuiwa kukutana, akalazimika kuipelekea mkutano mmoja mmoja, mkono kwa mkono. Wahakiki wameisifu Sauti ya Dhiki, diwani iliyotungwa gerezani na kuchapishwa mwaka 1973, ambayo mwaka 1974 ilipata tuzo ya Jomo Kenyatta. Sifa hizo zinastahili. Lakini kuisoma diwani bila kijitabu ni kusikia jibu bila swali. Ushairi wa gerezani ulizaliwa na nathari iliyofungwa, na nathari hiyo ilizaliwa na mkutano ulionyimwa kibali. Miaka michache baadaye silaha iyo hiyo, kibali, ilitumika Kamirithu, pale leseni ya kuigiza Ngaahika Ndeenda ilipofutwa Novemba 1977. Sharti la kibali cha mikutano lilikuja kuondolewa mwaka 1997, likabakia lile la kuwapa polisi taarifa.

Hitimisho

Mambo mawili yanajitokeza. Kwanza, maneno yanayobeba siasa ya Kiswahili nchini Kenya, uhuru likiwa la mbele, yalipata maana zao mpya viwanjani na kumbini kabla ya kuingia vitabuni. Historia ya nathari inayoanzia kwenye kitabu kilichoidhinishwa, kwa hiyo, inarithi mipaka ya yule aliyeidhinisha. Pili, mafaili ya polisi na ya mahakama yaliyohifadhiwa Nairobi na London ni sehemu ya maktaba ya fasihi ya Kiswahili, ingawa yameandikwa kwa Kiingereza. Yanahitaji kusomwa na watu wanaoweza kusikia, nyuma ya sentensi ya ofisa, methali iliyokatwa, fumbo lililonyooshwa na kibwagizo kilichogeuzwa kuwa kelele za umati.

Kazi hii haiwezi kusubiri. Wengi wa waliosimama Kiwanja cha Maskini wamekwisha kufariki, na waliokisoma kijitabu cha mwaka 1968 wakiwa vijana sasa ni wazee. Mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada hana haja ya kwenda mbali: aanze na shahidi aliye hai, amuulize si nini kilichosemwa tu, bali kilisemwaje, kwa Kiswahili kipi, na watu waliitikia nini.